Dondoo muhimu: Betri ya moyo na siku ya dharura

Umeme ukikatika, usihangaike: betri ya moyo haichajiwi ukutani. Imefungwa ndani ya kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo (pacemaker) kilichowekwa mwilini, na kwa kawaida hudumu miaka 5 hadi 15. Siku ya ajali au mafuriko, kinachoweza kukukwamisha ni kukosa karatasi za kifaa hicho.

• Kadi ya kifaa ikae kwenye pochi, si kabatini chini ya kanga. Ina aina ya kifaa, namba yake na tarehe uliyowekewa. Ipige picha, umtumie mwanao na jirani mmoja. Daktari wa zamu asiyekujua ataihitaji, hasa kabla ya kipimo cha MRI, kwani si kila kifaa kinakihimili.

• Ambatanisha orodha ya dawa. Ile ya kuzuia damu kuganda iandikwe juu kabisa.

• Simu isikae mfuko wa shati ulio juu ya kifaa. Iwe mbali angalau sentimita 15.

• Kuzimia, kizunguzungu, kwikwi isiyokoma, au kovu linalovimba na kutoa usaha: hospitali leo.

• Ukianguka na kuacha kupumua, walio karibu wakubonyeze kifua kama mtu yeyote. Waambie nyumbani mapema. Wengi huogopa kugusa.