Kujiandikisha Chuoni na Kuacha Masomo



Wengi wetu tunafikiri kwamba kisha Egzameni ya Serikali kazi imekwisha. Hapana, njo inaanza. Kupata asilimia 50 kunafungua mlango tu. Kisha kuko kujiandikisha, na hapo watu wanapoteza mwaka mzima pamoja na minervali.

Kule Marekani kuko vyuo vidogo vya miaka miwili. Kimoja cha kwanza kilianza Joliet, karibu na Chicago, mwaka 1901. Mwanafunzi wa kule anajiandikisha somo kwa somo. Akiona moja linamushinda, analiacha katika siku za kwanza na halionekani tena. Akichelewa, linabaki na alama W, maana yake alijitoa. Akipotea bila kusema neno, anaweza kuandikiwa F, yaani ameanguka.

Kwetu Bunia si vile. Ukienda ISP, ao UNIBU, ao Shalom, unachagua fakilte ao seksio, na masomo ya mwaka yanakuja pamoja sawa mzigo wa kuni uliofungwa. Hauwezi kumwambia appariteur kwamba statistiki hautaki. Kwa hiyo, kwetu kosa la kuchagua ni kubwa kupita la Mmarekani: yeye anaacha somo moja, wewe unaacha fakilte nzima. (Tena wengine wanachagua sheria juu ya kravati tu!)

Mbele ya kulipa, fika kwanza chuoni. Omba kuona orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza. Uliza mwanafunzi anayesoma pale. Uliza vilevile kama pesa inarudi ukibadilisha nia, na mpaka siku gani. Fikirini mzazi aliyekimbia Djugu, ameuza mbuzi wa mwisho juu ya tranche ya kwanza. Yeye hana mbuzi mwingine wa tranche ya kosa lako.

Na kama kweli umekosea? Usipotee kimya. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia katika LMD: kredi 60 kwa mwaka, 180 kwa licence ya miaka mitatu. Kredi uliyokwisha kupata ni yako, na unaweza kuomba chuo kingine kiihesabu. Lakini itaihesabu wapi kama hauna karatasi ya alama? Mutu aliyekimbia bila kuaga anarudi kisha miaka miwili kuomba karatasi ile, na anakuta jina lake lingali na deni.

Basi uandike barua kwa Kifaransa, useme fakilte unayotoka na ile unayoomba. Upeleke nakala mbili kwenye apparitorat. Moja inabaki kwao. Ya pili wakugongee muhuri na tarehe, uiweke pamoja na diploma yako.