Utendaji wa Muziki katika Makao ya Wazee
Wataalamu wa fasihi simulizi husisitiza kuwa utendaji hukamilika pale fanani na hadhira wanapokutana ana kwa ana. Makao ya wazee huthibitisha kauli hii. Mjini Milan, Italia, mtunzi Giuseppe Verdi aliwajengea wanamuziki wakongwe makao yaliyofunguliwa mwaka wa 1902, baada ya kifo chake. Wanafunzi wa muziki nao huishi humo. Fanani wa leo humwimbia fanani wa jana. Santuri haimsubiri mzee aliyesahau ubeti. Fanani aliye mbele yake hupunguza mwendo na kurudia kibwagizo hadi mzee aitikie. Ni bayana, basi, kwamba makao yanayotegemea redio pekee huwanyima wakazi wake nafasi ya kushiriki.