Protini na Uponaji wa Jeraha

Mkulima wa Tukuyu apunguzapo majani ya mgomba, panga huweza kuteleza likamkata mkono. Damu hutoka, kisha hukoma. Baada ya siku kadhaa ngozi hufunga, na hatimaye hubaki kovu. Katika kila hatua ya kazi hiyo, protini ndizo mafundi, na ndizo pia vifaa vya ujenzi.

Kwanza ni kuziba. Ndani ya damu imo protini iliyoyeyuka iitwayo fibrinojeni. Mshipa ukatikapo, kimeng'enya kiitwacho thrombini huigeuza kuwa fibrini, yaani nyuzi zisizoyeyuka. Nyuzi hizo hufanya wavu, zikanasa chembe za damu na kuziba mkato.

Pili ni kusafisha. Chembe nyeupe za damu huua vijidudu na kuondoa mabaki. Ndiyo sababu jeraha huvimba na kuwa na joto siku za mwanzo.

Tatu ni kujenga. Chembe za ngozi huamriwa kugawanyika, na amri hiyo nayo huletwa na protini. Stanley Cohen wa Marekani aligundua mojawapo, na mwaka 1986 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini. Chembe nyingine hutengeneza kolajeni, protini ya nyuzi imara iliyo msingi wa kovu. Kolajeni haikazi pasipo vitamini C. Hata hivyo, kovu halifikii nguvu yote ya ngozi ya awali. Hukoma kwenye asilimia 80 hivi.

Protini zote hizo hujengwa kwa asidi za amino, na 9 kati yake mwili hauwezi kuziunda. Sharti zitoke katika chakula. Hapa ndipo penye hatari. Ndizi na viazi vya Rungwe hushibisha, lakini gramu 100 za ndizi zina protini ipatayo gramu 1 tu, ilhali gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20. Basi mtu huweza kushiba na bado mwili wake ukapungukiwa protini, na jeraha likachelewa kupona.

Tiba ya upungufu huo haiko mbali: maharage, maziwa, mayai na samaki, pamoja na mapera na mboga za majani kwa ajili ya vitamini C. Chakula, hata hivyo, hakichukui nafasi ya usafi wala ya chanjo ya pepopunda. Jeraha lenye kina lipelekwe hospitali.

Swali: Kwa nini mgonjwa wa kidonda aongezewe maharage, wala si ndizi peke yake?