Tupime Afya Kabla ya Kuugua

Mfugaji wa Oloipiri haongoji ng'ombe aanguke ndipo amtafute kupe. Huwapeleka wote kwenye josho, hata walionona. Lakini sisi wenyewe tunaenda Hospitali ya Wasso baada ya kuzidiwa, tena baada ya kuuza mbuzi ili tupate nauli. Mwezi huu tujifunze vipimo vinavyomfaa mtu mzima asiyejisikia mgonjwa.

1. Shinikizo la damu (presha)
Ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Wengine huugundua siku wanapopooza upande mmoja. Kila mtu mzima apimwe, na aliyetimiza miaka 40 apimwe kila mwaka. Kabla ya kupimwa, kaa kitako ukitulia dakika tano, na kwa nusu saa usinywe chai wala kahawa, usivute sigara wala ugoro. Ukiambiwa 140/90 au zaidi, usifadhaike: rudi siku nyingine upimwe tena. Ikithibitika, dawa hunywewa kila siku, hata ukijisikia mzima.

2. Sukari ya damu
Anzia miaka 40, na mapema zaidi kama umenenepa sana au mzazi wako ana kisukari. Kipimo ni tone la damu ya kidoleni, asubuhi kabla ya kula. Ikiwa ni 7 au zaidi, kipimo hurudiwa. Matokeo yakiwa mazuri, baada ya miaka mitatu hivi upimwe tena.

3. Saratani ya mlango wa kizazi
Akina mama, hapa tusome polepole. Hii ndiyo saratani inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania. Huletwa na kirusi cha HPV, nayo huchukua miaka mingi kujitokeza. Katika miaka hiyo inaweza kuzuiwa. Mama wa miaka 30 hadi 50 hupakwa siki kwenye mlango wa kizazi. Baada ya dakika moja hivi, sehemu yenye dalili mbaya hugeuka nyeupe. Mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo, bila kulazwa. Anayengoja mpaka atoke damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, huenda akalazimika kusafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam, na pengine akachelewa. Mwenye VVU aanze kupimwa mapema na arudie mara nyingi zaidi. Binti naye apate chanjo, ambayo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018.

4. Mengineyo
Kila mmoja ajue hali yake ya VVU. Mama akiona uvimbe kwenye titi, asingoje uume. Mwenye kope zinazochoma jicho kwa vikope aonyeshe mapema, kwani upasuaji mdogo humwokoa na upofu.

Baba wa boma, mkeo asikose kipimo kwa kukosa nauli au ruhusa. Siku ya kupeleka mtoto kliniki, nendeni pamoja, nanyi mpimwe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Nani katika familia yetu hajawahi kupimwa presha?
2. Mama na dada zetu wamepimwa mlango wa kizazi?
3. Nini kinatuzuia, nasi tutakiondoaje?