Jenereta Baada ya Dhoruba: Somo la Usalama kwa Wakazi wa Mpakani

Msimu wa mvua ukifika, sisi tunaoishi kandokando ya mpaka wa Uganda na majirani zetu, kuanzia Mutukula hadi Busia na Malaba, twajua jinsi mambo yanavyokwenda. Radi za Ziwa Viktoria hupiga usiku, upepo huezua mabati na kuilaza migomba, mti mmoja huangukia nyaya, na giza hutanda pande zote mbili za mpaka. Kesho yake jioni, kabla mafundi hawajafika, ngurumo za jenereta huanza kusikika dukani, kwenye kinyozi, kwenye banda la kuchajia simu na nyumbani kwa mwenye friza la samaki.

Hatuandiki somo hili ili kumkataza mtu kutumia jenereta. Mtambo huo huokoa biashara, huhifadhi chakula na humpa mwanafunzi mwanga wa kusomea. Twaandika kwa kuwa nchini Uganda kazi ya kuzima moto na kuokoa watu iko chini ya Jeshi la Polisi, na kwa hiyo nyumba ikiteketea au watu wakikutwa wamezimia chumbani, sisi ndio tunaoitwa. Watu husema ajali haina kinga. Ajali tutakazozieleza hapa zina kinga, na nyingi kati ya kinga hizo hazigharimu hata shilingi moja.

Somo la kwanza: Gesi isiyoonekana

Injini ya jenereta inapochoma petroli au dizeli, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu wala ladha. Moshi unaouona na kuunusa unaweza kutoweka, nayo gesi ikabaki chumbani.

Namna inavyoua ni rahisi kuieleza. Damu yetu hubeba hewa safi ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Kaboni monoksidi hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo hata kiasi kidogo chake huchukua nafasi ya oksijeni, na ubongo na moyo hukosa hewa ingawa mtu anaendelea kupumua. Aliyelala hupoteza fahamu bila kuamka. Watoto wachanga, mama wajawazito, wazee na wenye maradhi ya moyo huathirika mapema zaidi.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na viungo kulegea. Hapa ndipo penye mtego kwa watu wa kwetu. Mtu akizihisi dalili hizo, neno la kwanza kinywani mwake huwa ni malaria. Humeza dawa ya maumivu, akafunga mlango, akajilaza. Kujilaza huko ndiko kunakomaliza uhai wake. Basi tujifunze kutofautisha. Ikiwa jenereta inanguruma karibu, na watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, bila homa, na wakitoka nje wanapata nafuu, msingoje vipimo vya malaria. Tokeni nje nyote, mzime mtambo, kisha mwende hospitali na kumwambia mganga waziwazi kwamba jenereta ilikuwa ikifanya kazi. Neno hilo moja humwelekeza kwenye tiba ya oksijeni.

Gesi hiyohiyo hutoka katika jiko la makaa, yaani sigiri. Katika usiku wa baridi baada ya mvua, wapo wanaoingiza sigiri chumbani ili wapate joto. Hatari ni ileile, na kinga ni ileile: moto wa makaa ubaki nje.

Somo la pili: Mahali pa kuiweka

Kanuni ni hii: jenereta isiwashwe ndani ya nyumba, jikoni, dukani, ghalani, wala barazani chini ya dirisha. Iwekwe nje, umbali usiopungua mita 6, yaani hatua kubwa saba au nane, kutoka kwenye mlango au dirisha lolote, likiwemo dirisha la jirani. Bomba lake la moshi lielekee mahali pasipo na watu.

Wengi hutuambia kwamba wao hufungua madirisha. Kufungua madirisha hakutoshi. Gesi hutoka kwa wingi kuliko upepo wa dirishani unavyoweza kuiondoa, na mara nyingine upepo wenyewe ndio huirudisha ndani. Jambo hili halikuwapata maskini peke yao. Kimbunga Laura kilipolipiga jimbo la Louisiana nchini Marekani mwezi Agosti 2020, moshi wa jenereta ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo, na waliokufa kwa moshi huo walikuwa wamekwisha kuinusurika dhoruba yenyewe.

Mvua nayo isisahauliwe. Jenereta isiwashwe ikiwa imelowa au imesimama majini. Iinuliwe juu ya matofali au jukwaa kavu, chini ya paa dogo lililo wazi pande zote, na asiishike mtu mwenye mikono iliyolowa au miguu mitupu.

Somo la tatu: Hofu ya wezi

Twafahamu kwa nini watu huiingiza jenereta ndani. Si kwamba hawajasikia habari za moshi. Wanaogopa kuibiwa, na hofu hiyo ina msingi: mpakani mali iliyoibwa usiku huweza kuvuka njia za panya kabla ya alfajiri. Kama polisi, hatuwezi kumwambia mwananchi atoe mtambo wake nje kisha tumwache peke yake na hofu yake. Kwa hiyo twapendekeza mambo manne.

La kwanza, punguzeni saa za kuiwasha. Friza lililojaa na lisilofunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, na lililojaa nusu kwa takriban saa 24. Tuchukue mfano wa mwenye duka la samaki. Akiwasha jenereta tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, akalifunga friza na kutolifungua hadi asubuhi, hana haja ya mtambo kunguruma usiku kucha. Aiache ipoe, kisha aifungie katika stoo isiyolalwa na mtu.

La pili, tengenezeni kizimba cha nondo chenye paa, kilicho wazi kupitisha hewa, na mtambo ufungwe humo kwa mnyororo na kufuli. Gharama ya kizimba ni ndogo kuliko gharama ya jeneza.

La tatu, andikeni namba ya mtambo iliyochongwa kwenye injini au kwenye kibati chake, mpige picha, na mhifadhi risiti. Mali ikikamatwa upande wa pili wa mpaka, namba na risiti ndizo zitakazotuwezesha kuthibitisha kwamba ni yako. Nawe unayeuziwa jenereta bila risiti kwa bei ya kutupa, fahamu kwamba kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai.

La nne, unganeni. Katika utaratibu wa Mayumba Kumi, majirani wanaoishi chumba kimoja kimoja wanaweza kukubaliana mahali pamoja pa kuweka mitambo yao, wakalinda kwa zamu na kumjulisha mwenyekiti wa LC1 na kituo cha polisi.

Somo la nne: Petroli

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji yanayotafuta mteremko, na huweza kukutana na sigiri au mshumaa ulio mbali na mtungi wenyewe. Kwa hiyo petroli isihifadhiwe chini ya kitanda, jikoni wala karibu na moto. Iwekwe nje ya nyumba ya kulala, katika chombo imara chenye mfuniko unaobana, kilichoandikwa petroli. Chupa za soda na jerikani za maji ya kunywa zisitumike kabisa, kwa kuwa mtoto hajui kusoma rangi ya mafuta gizani. Mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa, msimtapishe. Mpelekeni hospitali mara moja.

Kujaza mafuta wakati mtambo ukinguruma ni kukaribisha moto. Uzimwe, usubiriwe kwa dakika 15 au 20 upoe, ndipo ujazwe, kwa mwanga wa tochi na si wa kibiriti. Ni bora kujaza wakati ungali mchana.

Moto wa petroli usimwagiwe maji, kwani maji huyasambaza mafuta yanayowaka. Kaeni na ndoo ya mchanga mkavu karibu, au kizimamoto cha unga kwa mwenye uwezo. Moto ukizidi ndoo moja, ondokeni, muite msaada.

Somo la tano: Nyaya

Kuna desturi mbaya ya kuunganisha jenereta na soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Nyumba nzima huwaka, na mwenye nyumba hujiona hodari. Hebu tufuate umeme huo unakwenda wapi. Hupita kwenye mita, ukatoka hadi kwenye transfoma ya mtaani. Transfoma ile hupunguza umeme wa volti 11,000 hadi volti 240 za nyumbani. Umeme ukiingia kwa mlango wa nyuma, hufanya kinyume: volti 240 zako hupandishwa kuwa maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo akiamini waya umekufa hupigwa. Mtoto anayekanyaga waya ulioanguka migombani hupigwa. Na umeme wa kawaida ukirudi ghafla, jenereta yako yenyewe huungua.

Njia halali ni mbili. Ama uunganishe vyombo moja kwa moja kwenye jenereta kwa waya mzito unaofaa kutumika nje, ama umwite fundi mwenye leseni akufungie swichi ya kuhamisha umeme, ambayo mafundi huiita chenjiova. Swichi hiyo huitenga nyumba na laini ya mtaa kabla jenereta haijaanza kutoa umeme.

Jueni pia uwezo wa mtambo. Jenereta ndogo ya wati 800 huwasha taa, runinga na chaja za simu bila taabu. Pasi ya umeme peke yake huweza kudai wati 1,000 au zaidi, na birika la umeme hudai zaidi ya hapo. Friji huhitaji nguvu kubwa zaidi wakati wa kuanza kuliko wakati wa kuendelea. Waya ukipata moto mkononi, tayari umezidiwa, zimeni.

Waya wowote ulioanguka baada ya dhoruba uhesabiwe kuwa una umeme, hata kama mtaa mzima uko gizani. Kaeni umbali wa mita 10, wazuieni watoto na mifugo, na mtoe taarifa.

Mkimkuta mtu amezimia

Zimeni mtambo kama mwaweza kuufikia kwa usalama, fungueni milango yote, na mtoeni nje haraka. Asiingie mtu mmoja na kukaa ndani akitafuta mali. Waokoaji wengi hufa kwa gesi ileile. Aliyepigwa na umeme asiguswe kabla umeme haujakatwa.

Kisha pigeni 999 au 112. Twaomba wakazi wa mpakani wakumbuke jambo moja zaidi: simu zetu mara nyingi hudaka mnara wa nchi jirani. Namba 112 hutumika Uganda, Kenya na Tanzania, lakini huenda anayepokea akawa upande wa pili. Kwa hiyo tajeni kwanza nchi, halafu mji, halafu kijiji.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Je, jenereta zinazotumika kijijini mwetu ziko umbali gani kutoka kwenye madirisha ya waliolala? Nani atakwenda kupima?

2. Mtu akiumwa kichwa wakati wa giza na mngurumo wa mtambo, tutajuaje kwamba si malaria?

3. Ni nani kati yetu hana mahali salama pa kuweka mtambo wake nje, na majirani watamsaidiaje?

4. Kuna nyumba inayotumia waya wenye plagi mbili? Nani atazungumza na mwenye nyumba kwa heshima, kabla ya mvua ijayo?

Somo hili lisomwe kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma, na lielezwe upya kwa lugha za nyumbani. Maofisa wetu wa mahusiano ya jamii wako tayari kuja kwenye mikutano yenu, makanisani na misikitini. Tukutane katika mikutano hiyo, kuliko kukutana mlangoni kwenu alfajiri mkituonyesha chumba ambacho watu wake hawakuamka.