Mkrismasi au Bogenvilia: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua Mche wa Kupamba Ua

Mvua za vuli zinapokaribia, vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara za Jiji la Mwanza hupata wanunuzi wengi. Mwenye nyumba aliyekwisha kupiga plasta na kusimamisha uzio hutafuta sasa kitu cha kuupamba ua wake, na mara nyingi macho yake hutua juu ya mimea miwili. Wa kwanza ni mkrismasi, mti wenye mwavuli mpana unaojaa maua mekundu kuelekea mwisho wa mwaka. Wa pili ni bogenvilia, kichaka chenye miiba kinachofunika kuta kwa rangi ya zambarau, nyekundu, chungwa au nyeupe. Miche yote miwili ni ya bei nafuu ikilinganishwa na saruji au mabati, na kwa sababu hiyo mnunuzi huchagua kwa jicho peke yake. Katika somo hili tunataka kuonyesha kwamba fedha anayopewa mwenye kitalu ni sehemu ndogo tu ya gharama. Sehemu kubwa hulipwa baadaye, mti unapokua, na hulipwa na ukuta, paa, chemba ya maji taka na pengine jirani.

Tuanze na jina, kwa kuwa ndipo makosa ya ununuzi yanapoanzia. Wapo wanaouita mkrismasi ule mti wa jamii ya misonobari unaopambwa kwa taa wakati wa sikukuu. Mti tunaouzungumzia hapa ni mwingine kabisa: asili yake ni kisiwa cha Madagaska, na jina lake la kitaalamu ni Delonix regia. Mche wake mchanga una majani madogo madogo yaliyopangwa kama unyoya, na kwa sura hiyo hufanana na mche wa jakaranda na hata wa lusina. Mnunuzi autazame mwisho wa kila kijani kidogo. Cha mkrismasi ni butu, ilhali cha jakaranda kimechongoka. Akiwa bado na shaka, amwombe muuzaji aandike jina la mmea kwenye stakabadhi. Muuzaji anayesita kuliandika amekwisha kutoa jibu.

Mkrismasi uliokomaa hufikia urefu wa mita 10 hadi 15, na mwavuli wake huweza kuwa mpana kuliko urefu huo. Mizizi yake mingi husambaa karibu na uso wa ardhi, nayo ni minene na yenye nguvu. Huinua sakafu ya ua, hupasua msingi wa uzio na huingia ndani ya chemba kufuata unyevu. Matawi yake si magumu, kwa hiyo huvunjika upepo unapovuma kwa nguvu, na wakazi wa Mwanza wanaujua vizuri upepo unaotoka ziwani kabla ya mvua kubwa kunyesha. Tena, wakati wa kiangazi mti hupukutisha vijani vyake, ambavyo ni vidogo mno hata havizuiliki kwa urahisi. Kaya inayovuna maji ya mvua kutoka kwenye paa itavikuta ndani ya mifereji na ndani ya simtanki.

Kwa sababu hizo tunashauri mti huu usipandwe chini ya mita 10 kutoka kwenye nyumba, uzio, bomba, chemba au nyaya za umeme. Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, chenye nyumba ya mita 12 kwa 10 iliyojengwa katikati. Upande mmoja zimebaki mita 4 na upande mwingine mita 5, na bado hatujatoa nafasi ya choo wala ya gari. Katika kiwanja kama hicho hakuna mahali pa mkrismasi, hata mnunuzi aupende namna gani. Akiupanda, maua ya kwanza atayasubiri kwa miaka mitano hivi au zaidi, kwa kuwa mti huu hupandwa kwa mbegu na hauna haraka. Kipindi hicho hicho ndicho mizizi yake itakapoufikia uzio.

Ardhi ya Mwanza inaongeza jambo lingine. Jiji hili limejengwa juu ya miamba na baina ya miamba, na miteremko mingi ina udongo wa kichanga usio na kina. Ni ule ambao Wasukuma huuita luseni. Mti mkubwa uliopandwa juu ya jiwe hauna pa kushika, na siku unapoanguka huanguka kuelekea bondeni, ambako kuna nyumba ya mtu mwingine. Mabondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga, mizizi hupata kina, lakini maji hutuama wakati wa masika. Huko bogenvilia ndiyo itakayoteseka, maana haipendi kusimama ndani ya maji.

Hata hivyo mkrismasi una sifa ambayo kichaka hakitakuwa nayo kamwe, nayo ni kivuli. Kwenye uwanja wa shule, wa kanisa, wa msikiti au wa zahanati, watu wanapongoja juani saa saba mchana, mti mmoja wa aina hii una faida kuliko mistari kumi ya maua. Tusingependa msomaji aelewe kwamba tunaukataza. Tunasema tu kwamba ni mti wa uwanja kuliko kuwa mti wa ua wa nyumba.

Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake limetokana na nahodha Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville. Tunachokiita ua lake kwa kweli ni majani yaliyobadilika rangi, yakizunguka ua halisi ambalo ni dogo na jeupe. Ndiyo maana rangi yake hudumu kwa muda mrefu kuliko petali za kawaida. Mmea huu hutaka jua kamili na maji ya kiasi. Ukimwagiliwa kila siku hutoa majani mengi na rangi kidogo, kwa hiyo kaya inayolipia maji ya bomba kwa uniti haina sababu ya kuuogopa. Huweza kuota katika mfuko mdogo wa udongo ulio kati ya mawe mawili, na mizizi yake haitishi msingi wa nyumba.

Gharama yake iko kwenye mkasi. Isipopogolewa, huwa pori la miiba ndani ya miaka michache, hupanda juu ya paa na kuwachoma watoto wanaopita njiani. Ipogolewe kila inapomaliza kuchanua, kwa kuwa rangi hutokea kwenye matawi machanga. Matawi yaliyokatwa yakusanywe siku hiyo hiyo, maana mwiba mkavu hauoni tofauti kati ya kandambili na tairi la bodaboda. Asiye na nafasi ya kupogoa, wala fedha ya kumlipa mtu wa kuifanya kazi hiyo, asiipande kando ya njia.

Kitaluni, kila mmea una ukaguzi wake. Bogenvilia huzalishwa kwa vipandikizi, na kipandikizi hufuata rangi ya mmea mama. Kwa hiyo nunua mche uliokwisha kuchanua, au uombe kuonyeshwa mama yake, kwani maneno ya muuzaji hayana rangi. Kumbuka pia kwamba kijiti kilichochomekwa juzi huweza kuchipua majani kwa akiba iliyomo ndani yake huku kikiwa hakina mzizi hata mmoja. Shika shina taratibu na ulivute juu kidogo. Likicheza ndani ya kiriba, liache. Kwa mkrismasi, geuza kiriba utazame chini yake. Mzizi mnene uliotoboa na kukatika unaonyesha kwamba mche umekaa kitaluni muda mrefu mno, na mizizi iliyojizungusha ndani ya kiriba huzaa mti usio imara.

Walio na viwanja jirani na ziwa wana jambo la ziada. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, hivyo uzio na bustani ya kujengwa havina nafasi hapo. Wasikubali pia kuuziwa mmea wa kuelea kwa ajili ya bwawa la nyumbani. Gugu maji, lililoonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba mialo ya wavuvi, ni mmea ambao watu waliusambaza duniani kwa uzuri wa maua yake.

Mche ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Mnunuzi akieleza matumizi anayokusudia na kuutegemea ujuzi wa muuzaji, bidhaa inapaswa kuyafaa matumizi hayo. Mweleze basi muuzaji ukubwa wa kiwanja chako kabla ya kulipa. Ikitokea kasoro, rudi kwake kwanza ukiwa na stakabadhi na picha ya mmea. Akikataa kukusikiliza, malalamiko ya udanganyifu wa kibiashara hupokelewa na Tume ya Ushindani. Stakabadhi ya mkono inatosha kuanzia, mradi iwe na tarehe, jina la kitalu, bei, na maneno kama haya: “Bogenvilia nyeupe, mche 1, wenye mizizi, wa kupandwa kando ya uzio.”