Asili ya Neno "Afande"

Mtu apitaye katikati ya mji wa Nairobi husikia askari akimwitikia mkubwa wake, "Ndiyo, afande." Je, neno hili lilitoka wapi?

Asili yake ni Kiyunani. Wayunani walikuwa na neno authentes, maana yake bwana mwenye mamlaka. Waturuki walilichukua wakalitamka efendi, likawa jina la heshima kwa wasomi na maofisa. Mwaka 1820 majeshi ya Misri, nchi iliyokuwa chini ya dola ya Waturuki, yaliingia Sudan, na vyeo vya askari viliitwa kwa Kituruki. Ndiko yalikotoka pia maneno shaushi, yaani sajini, na ombasha, yaani koplo. Ombasha ni on, kumi, na baş, kichwa: mkuu wa watu kumi.

Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwaandika askari wa Kisudani akawaleta Uganda. Baadaye Wasudani wengi walitumikia katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Wakapewa makao kusini-magharibi ya Nairobi, mahali walipopaita Kibra, yaani msitu, ndipo Kibera.

Shaushi na ombasha yamesahauliwa, na sajini na koplo, maneno ya Kiingereza, yameshika mahali pake. Afande limebaki. Wazao wa askari wale walingoja hati ya ardhi ya Kibera hadi mwaka 2017. Neno walilolileta lilipata makao mapema kuliko wenyewe.